Hakeem agawe maji? Wakuu, huyu jamaa jana kanivuruga, sijalala mpaka sasa

Wakuu, saa nane usiku hii, chaji asilimia tisa, na naandika hivyo hivyo. Neno limenikaa kooni kama mwiba wa sato.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa soksi ya mkono. Yule ambaye ukimpita karibu, upepo tu unamuumiza, anapiga ukunga wa "faulo!" mpaka kuku wa mtaa wa pili wanakimbilia bandani.

Jana baada ya mazoezi tumekaa juu ya matofali nyuma ya pete ya kikapu, mimi nimenunua soda mbili, moja nimempa yeye kwa moyo mweupe kabisa. Stori zikahamia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani: nani wagumu, wa zamani au wa sasa? Nikasema mtu kama Hakeem Olajuwon, yule Mnigeria wa Houston miaka ya tisini, leo angewatafuna hawa na mifupa yao. Jamaa akainua chupa, akapiga funda, akajipangusa mdomo kwa kiganja, akasema: "Hakeem? Leo angekaa benchi anagawa maji."

Anagawa maji!

Na soda yangu iko mkononi mwake, baridi, inatoa jasho!

Wakuu, katika matusi yote duniani, kachagua maji. Mwaka 1995 Ramadhani ilianza tarehe 1 Februari. Hakeem alikuwa anacheza amefunga. Mechi ikipangwa mchana, anaingia na koo kavu, wenzake kila mapumziko wanagugumia, yeye anawatazama tu, kisha anarudi kumzungusha mtu mpaka anasahau kapita mlango gani kuingia uwanjani. Mwezi ulipoisha wakamtangaza mchezaji bora wa mwezi. Huyo ndiye wa kugawa maji? Aliyecheza bila tone?

Juni ya mwaka huo huo kakutana na Shaquille O'Neal fainali, kijana wa miaka 23, jitu kama kontena. Mechi nne kwa bila! Na Houston waliingia mtoano wakiwa wa sita upande wao. Mwaka mmoja nyuma, 1994, kabeba tuzo tatu kwa msimu mmoja: mchezaji bora, mlinzi bora, mchezaji bora wa fainali. Mchezo wa sita na New York, sekunde zinakwisha, John Starks wa New York anarusha mtupo wa pointi tatu wa kuchukua kombe, Hakeem kaugusa mpira kwa ncha za vidole. 86 kwa 84. Ncha za vidole, wakuu! Za mgawa maji!

Na enzi hizo mtu hakuguswa, alivunjwa. Fainali ya 1984 Kevin McHale wa Boston alimkata Kurt Rambis wa Lakers shingoni kwa mkono akiwa hewani, akashuka kama gunia la mkaa, na McHale hakutolewa. Detroit wa Bill Laimbeer wamechukua makombe mawili kwa kupiga watu viwiko. A.C. Green kacheza mechi 1,192 mfululizo. Leo ligi imelazimika kuweka sheria kwamba usipofikisha mechi 65 tuzo kubwa huzipati, maana watu wanapumzishwa kama mayai ya kuangua.

Halafu mtu mwenye soksi ya mkono, ambaye Jumapili alitoka nje kwa sababu kucha imekatika, ananiambia Hakeem agawe maji. Akamaliza soda. Akaniachia chupa nirudishe dukani mimi!

#2
Mkuu nimesoma yote. Kilichokuuma ni Hakeem au soda?

#3
Soda. Chupa imeelezwa vizuri kuliko fainali.

#4 (mleta uzi)
Soda si hoja! Hoja ni MAJI! Mtu amefunga, mnaelewa? Amefunga!

#5
Simtetei wa soksi, ila wa sasa msiwaonee. Giannis wa Milwaukee tarehe 29 Juni 2021 goti lilikunjika kinyumenyume mbele ya Atlanta, mimi mwenyewe nilizima TV nikijua msimu wake umekwisha. Wiki tatu baadaye kafunga pointi 50 na kombe kabeba. Mitupo huru waliyokuwa wanamcheka nayo, siku hiyo kaingiza 17 kati ya 19.

#6
Na Klay Thompson wa Golden State fainali ya 2019. Kano ya goti imekatika, yuko njiani kwenda chumba cha kubadilishia nguo, akageuka akarudi kurusha mitupo yake miwili. Yote ndani.

#7
Mnachanganya ugumu na ugomvi. 1977 Kermit Washington alimpiga Rudy Tomjanovich ngumi moja, mifupa ya uso ikavunjika, nusura afe. Huo ndio ugumu mnaoulilia?

#8
#7, Rudy huyo huyo ndiye alikuwa kocha wa Hakeem makombe yote mawili. Zamani watu walikuwa chuma, ongeza maneno.

#9
Mmemsahau Mutombo wa Kinshasa, apumzike kwa amani. Kacheza mpaka ana miaka 42, goti ndilo lililomtoa. Ukipeleka mpira kwake unarudishiwa na kidole juu.

#10
Samahani wadau, huyo wa soksi si ndiye mwenye raba zangu? Namba 44, nyeupe, nilimwazima Krismasi. Mimi nafanya mazoezi na kandambili.

#11
Nyeupe zenye mstari mwekundu? Kaniuzia mimi.

#12
#11 naomba tuonane inbox haraka.

#13
Kwangu alichukua pampu. Na akihesabu pointi yeye, nane inafuatiwa na kumi na moja.

#14 (mleta uzi)
Wakuu turudi kwenye hoja. Kasema anagawa maji. Mnaliachaje hilo lipite?

#15
Hoja yako na Mnigeria wako baadaye. Mimi kinachonikera ni nyie mnaomcheka Hasheem Thabeet kila mwaka. Mtoto wa Dar, 2009 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kachaguliwa wa pili Marekani nzima, nyuma ya Blake Griffin tu, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry. Ninyi mmechaguliwa wapi? Hata pale kwenye matofali tukigawana timu mnabaki wa mwisho.

#16
Nilikuwa sekondari siku ile. Mwalimu wa hesabu aliacha kipindi akatusimulia. Anayemcheka Hasheem simjibu tena humu.

#17
Kumcheka ni makosa, lakini kumwacha Curry pia iliuma.

#18
Aliyemwacha ni timu ya Memphis iliyomchukua Hasheem, Hasheem hakujichagua. Ukianza hivyo waulize na Minnesota: walichagua wa tano na wa sita, wote wa nafasi ile ile ya Curry, na Curry akapita katikati ya vidole vyao.

#19
Wakati mnabishana, pete ya upande wa barabarani bolti mbili zimelegea, jana imeinama mvulana mmoja alipoishika. Nani ana spana 17 kabla hatujaumiza mtoto wa watu?

#20
Ninayo, ila iko kwa huyo wa soksi.