Ekspo ya muzee: tupange tablo kwa tarehe ao kwa uzuri?

Mwana_Katuba
Jambo bandugu ba L'shi (Lubumbashi), niko na swali, naomba munijibu bila kunicheka. Baba yangu mukubwa ni muchoraji wa zamani, iko na miaka 74, alianza kuchora mi sijazaliwa, batu bengi ba Katuba beko na tablo yake mu nyumba bila kujua nani alichora. Sasa 2020, ile mwezi ya tatu korona ilifika na tukafungiwa siku mbili, munakumbuka, kisha ikafunguliwa lakini ye akakatala kutoka juu iko na ugonjwa ya sukari. Akabakia mu parsele karibu mwaka muzima. Asubui anakaa ku barza na anachora muti ya avoka, kesho tena avoka, kesho kutwa avoka na kuku chini yake. Tulihesabu tablo 63, zingine ku kitambaa, zingine ku saki ya unga, zingine ku karto ya mafuta.
Kuna mutu anatupatia chumba ya ekspo wiki mbili bule, lakini anasema tuchague 20 zenye kupendeza, ndege upande huu, maua upande ule, na bei chini ya kila moja. Muzee akajibu zote ao hakuna, akaenda kulala. Mungefanya namna gani?

Yaya_Kamalondo
Muzee iko na haki, usichague. Kuna muchoraji Muingereza mumoja, David Hockney, alizaliwa 1937, ye pia korona ilimukuta mu nyumba yake kule Normandie, Ufaransa, iko na miaka 82. Akaanza kuchora ku iPad kila kitu ya mu parsele yake, miti, manyasi, mvua inapiga mayi. 2021 akaonyesha 116 mu Royal Academy, nyumba kubwa ya sanaa ya London, na jina ya tablo ni namba na tarehe, basi. Unaanza na muti iko matawi tupu, kisha kachipukizi, kisha maua, kisha kijani mpaka unachoka. Nasema ukweli, moja moja zingine zinafanana na karte ya Noeli, ukinipatia moja sijue kama ningeitundika. Lakini zikifuatana unaona mutu mwenye anangojea siku zipite. Ukitoa zile mbaya mbaya katikati, unabakia na karte za Noeli tu.
Ile mwaka ilimuchukua mpaka akaunganisha picha zikakuwa kipande kimoja cha metre 90, kikaenda kuonyeshwa Paris ku makumbusho ya Orangerie. Fanya kama vile, anza ku mlango, zunguka chumba, mstari moja.

Mufundi_Ruashi
Yaya pole lakini Hockney hana kodi ya nyumba ya kulipa mwisho ya mwezi. Hapa kwetu tuko na historia yetu, ile Hangar, atelier ya kuchora ya Romain-Desfossés ya 1946, na wachoraji wake, Pili Pili na samaki na ndege zake, Bela anachora na vidole, Mwenze na mistari midogo midogo. Wale walichora pori na mito, na Bazungu wakanunua, hata 2015 Paris kule Fondation Cartier, nyumba ya sanaa, tablo zao zilionyeshwa. Mutu ananunua ndege yenye kupendeza, hanunui kuku ya tarehe 14. Kwa hiyo 20 haiko mbaya.
Ila jambo ya maana zaidi, andika karatasi! Mi nilipelekaka tablo 9 fasi moja, kwa mdomo tu, juu tulikuwa tunajuana. Zikarudi 7, mbili zimepigwa na mayi ya dari, na hakuna mutu alijua kitu. Piga picha ya kila moja, mbele na nyuma, ahesabu mwenye chumba na wewe, mutie sini. Na ukibeba zile za kitambaa uzikunje kama mukeka, rangi inje, siyo ndani, ndani rangi inapasuka.

Mama_Kenya
Na mama mukubwa je? Ule mwaka muzima nani alikuwa anamupikia muchoraji 😂

Mwana_Katuba
@Mama_Kenya alichoka kabisa, anasema tablo ya kumi alitaka kukata ile avoka na panga.
Asanteni wote. Jana niligeuza tablo kama Mufundi alivyosema, nione nyuma, kumbe muzee aliandika tarehe na kalamu ya mbao ku kila moja. Nikazipanga chini mu salo, zikajaa mpaka ku jikoni. Katikati pale kuna tablo sita zenye muti iko bluu, bluu kabisa hata majani, na mi siku zote nilifikiria ni akili ya kisanii, nilishawahi kuzisifia mbele ya batu. Nikamuuliza. Anasema rangi ya kijani iliisha na mwenye duka alikuwa amefunga, basi. Ya saba, kijani inarudi, lakini amechanganya na mayi mingi, aliogopa iishe tena.
Ukiziweka kwa uzuri, hizo sita mutu atasema ni style. Kwa hiyo nimeshaambia mwenye chumba tunaleta zote 63 kwa tarehe, bei tunaandika ku karatasi moja ku meza ya mlango, siyo ukutani. Alinuna kidogo, akakubali.
Sasa @Mufundi_Ruashi, ule ukuta ni matofali ya kuchoma bila plasta, misumari inaingia na kutoka na mchanga. Wewe ulikuwa unatundika na nini? Waya ku dari?

Mufundi_Ruashi
Waya, ndiyo. Na usitundike tablo ya karto karibu na dirisha.