Nimepungua kilo 52, lakini ngozi ya tumbo imebaki inaning'inia: nifanyeje?

Bint wa Tudor

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41, mkaazi wa Mombasa. Mwaka juzi nilikuwa na kilo 128 na sukari ilikuwa imeanza kupanda. Leo nina kilo 76, kwa kuwa niliacha mahamri ya asubuhi na viazi karai vya jioni, nikapunguza wali, na nikawa natembea kila alfajiri kabla jua halijawa kali. Sukari imeshuka, magoti yametulia, na ngazi za ghorofa ya nne ninazipanda bila kusimama njiani. Kwa hayo namshukuru Mola.

Ila hakuna aliyenitayarisha kwa habari ya ngozi. Tumbo limebaki kama gunia lililomwagwa mchele, limekunjika chini ya kitovu na kulalia mapaja ninapokaa, na mikono ya juu hupepea ninapoanika nguo. Watu huiita nyama uzembe, na neno hilo huniuma kwa sababu si nyama wala si uzembe: ukiifinya kwa vidole viwili unashika ngozi tupu. Msimu huu wa kaskazi ndio umenishinda kabisa. Nikivuka feri ya Likoni mchana ndani ya buibui, hufika ng'ambo mkunjo umeloa na unawasha, na sasa umeanza kutoa harufu hata siku ninazooga mara mbili.

Nimepewa ushauri wa namna tatu. Wifi yangu ameniuzia krimu ya kolajeni kwa shilingi 6,500 kopo moja, nami nimemaliza makopo mawili bila kuona tofauti. Mama mkwe anasema nifunge mkaja kama mzazi na nikandwe kwa mafuta ya nazi. Rafiki yangu anasema nisijisumbue, niende nikakatwe. Uzito wangu umekaa hapo hapo kwa miezi minne. Tena nina harusi ya kuhudhuria karibuni, na sijui nitavaa nini. Naomba mwenye ujuzi au aliyepitia anieleze lipi kati ya haya lina ukweli.

Muuguzi wa Kisauni

Wa alaykum salaam, dada yangu. Niruhusu nianze na mwasho, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri na huo hauwezi. Ngozi mbili zinaposhikamana mchana kutwa, jasho likakosa njia ya kukauka, huchubuka, na fangasi aina ya kandida hupata makao. Utaona unyevu, ngozi iliyobadilika rangi, harufu, na vipele vidogo vilivyotawanyika pembezoni mwa mkunjo. Baada ya kuoga, kausha kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, kisha ulale chali mbele ya feni, uinue mkunjo kwa mkono, na usubiri hadi pakauke kabisa. Hapo ndipo upake dawa ya fangasi kama klotrimazoli, tabaka jembamba, mara mbili kwa siku, na uendelee kwa wiki mbili baada ya upele kwisha, maana wengi huacha siku mwasho unapokoma na mwezi haumaliziki kabla hawajarudi pale pale. Ukiona usaha, homa au wekundu unaosambaa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pima sukari tena pia, kwani sukari ikipanda fangasi hustawi.

Na nakuomba sana ujiepushe na zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila maelezo. Nyingine zina steroidi kali: hutuliza mwasho kwa siku mbili tatu, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuiachia michirizi, na ndani ya mkunjo dawa hizo hufyonzwa zaidi kuliko mahali palipo wazi. Nimewaona wanawake waliokuja na upele mdogo uliogeuka jeraha la miezi kwa sababu ya kopo lisilo na jina.

Sasa ngozi yenyewe. Kinachoifanya ngozi ijirudi ni nyuzi za kolajeni na elastini zilizo chini ya tabaka la juu, na zikikaa zimevutwa miaka mingi hukatika na kupoteza mnyumbuko wake. Elastini hutengenezwa zaidi tukiwa wadogo. Mtu mzima huzalisha kidogo mno, kwa hiyo kilichokatika hakirudi kama kilivyokuwa. Umri, uzazi, uvutaji wa sigara, jua, kurithi, na kiasi cha uzito uliopungua, vyote vina mkono. Kolajeni ya kwenye kopo ni molekuli kubwa isiyoweza kupenya ngozi, hivyo hulainisha tu juu kama yafanyavyo mafuta ya nazi, ambayo bei yake unaijua. Kukandwa kunastarehesha, nami sikukatazi. Mkaja nao hushikilia mzigo ukatembea vizuri, lakini ukiufungua, tumbo liko vile vile, na ukiukaza katika joto letu unafungia jasho ndani ya ule mkunjo unaokusumbua. Mama mkwe usimvunjie heshima. Mwambie tu kwamba mzazi wa siku arubaini tumbo lake linarudi lenyewe, mkaja ukiwepo au usiwepo.

Kaka wa Bandarini

Dada, pole, na hongera kwanza, maana kilo 52 si mchezo. Mimi nilipungua kilo 38 nikiwa na miaka 30, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikioga nimezima taa. Nataka kuongezea jambo ambalo Bi Muuguzi hakuligusa, nalo ni misuli. Mimi nilipungua kwa njaa na kutembea tu, na baadaye nikafahamu kwamba sehemu ya uzito niliopoteza ilikuwa misuli, jambo lililoifanya ngozi ionekane tupu zaidi. Nilipoanza kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, kifua na mabega yalijaa, na mikono ikaacha kupepea kwa kiasi ambacho mke wangu aliona kabla yangu. Huhitaji jimu ya gharama. Madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji yatakufaa kwa kuanzia.

Chakula nacho ukitazame. Mtu wa uzito wako anayefanya mazoezi, ikiwa figo zake ni nzima, anaweza kulenga gramu 80 hadi 100 za protini kwa siku. Samaki wa gramu 100 hukupa takribani gramu 20 na yai moja kama gramu sita, kwa hiyo chai na mkate mkavu asubuhi hazikufikishi popote. Hapa kwetu hatuna kisingizio: changu, dagaa, mbaazi, pojo na kunde zote ziko soko la Kongowea. Mbaazi za nazi ni tamu, ila nazi yake ihesabu.

Lakini nisikudanganye. Tumbo langu la chini halikurudi. Lilipungua kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, kisha likasimama, na liko pale hadi leo. Mazoezi hujaza kilicho chini ya ngozi. Ngozi iliyozidi haiyeyuki kwa jasho, na yeyote anayekuahidi hivyo ana kitu anachouza.

Ummu Khalid, Bamburi

Mimi ndiye niliyekatwa, dada, kwa hiyo nitazungumzia hilo peke yake. Nilipungua kilo 61, na mkunjo wangu ulifika karibu nusu ya paja. Ngozi iliyotolewa ilikuwa na uzito wa kilo nne kasorobo. Sijutii. Hata hivyo, laiti ningeelezwa mambo mawili matatu kabla, nisingelia nilivyolia.

Kwanza, usichanganye upasuaji huu na kule kunyonya mafuta. Kunyonya mafuta hakuondoi ngozi, na kwa mtu kama wewe kunaweza kuilegeza zaidi. Pili, kovu. Langu linatoka nyonga hadi nyonga, na kitovu kilihamishwa na kushonwa mahali papya. Ikiwa wewe au jamaa zako mna makovu yanayovimba na kukua, hata ya kutoga masikio, mwambie daktari mapema, kwa sababu jambo hilo hutokea sana kwa ngozi zetu. Tatu, baada ya kutoka chumba cha upasuaji nilikuwa na mirija miwili ya kutoa maji chini ya ngozi kwa siku tisa, nikitembea nimeinama kama ajuza, na wiki ya tatu kidonda kikafumuka upande wa kushoto, upana wa vidole viwili. Hospitali ile sitaitaja. Walinisafisha na kunifunga vizuri, lakini walikuwa wameniruhusu kwenda nyumbani bila kuniambia kwamba hilo linaweza kutokea, nami nilidhani ninakufa. Hatari nyingine ni uambukizo na damu kuganda miguuni, ndiyo maana walinilazimisha kutembea siku ya pili huku nikiwalaani kimoyomoyo.

Madaktari wengi hutaka uzito uwe umetulia angalau miezi sita, kwa hiyo miezi yako minne bado. Watapima damu yako, sukari na lishe, watakataa mvutaji sigara hadi aache kwa wiki kadhaa, na watakuuliza kama unatarajia kuzaa tena, kwani mimba inaweza kuiharibu kazi hiyo. Wewe uliyezaa mara tatu waombe pia watazame kama misuli ya tumbo imeachana au kuna ngiri, maana hayo hurekebishwa katika upasuaji huo huo. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha jina la daktari na la hospitali yamo katika sajili ya baraza la madaktari, KMPDC, inayoweza kutazamwa na yeyote mtandaoni, na uulize waziwazi kama yeye ni bingwa wa upasuaji wa plastiki. Bima kwa kawaida huuhesabu upasuaji huu kuwa urembo, na mimi nilitumia pesa tulizoweka kwa ajili ya kiwanja. Hata hivyo, tunza kila karatasi ya matibabu ya huo upele, kwani upele usiosikia dawa kwa miezi ni tatizo la afya, na daktari akiuandika hivyo una hoja ya kuwasilisha.

Fundi wa Majengo

Mimi si daktari, ni fundi cherehani, ila mwili uliopungua ghafla huja kwangu kabla haujafika hospitalini. Kosa la kwanza ninaloliona ni kuvaa nguo zile zile za kilo 128. Kitambaa kinachozidi hujikusanya kiunoni na kuongeza joto. Kosa la pili ni kukimbilia nguo za ndani za kubana za nailoni, ambazo kwa kaskazi ni jiko.

Ninachowashonea wateja wangu ni hiki. Chukua kikoi cha zamani, kile kilichofuliwa hadi kikawa laini, ukate ukanda wa upana wa shibiri moja, uukunje mara mbili, pindo zishonwe bapa zisiwe na fundo la kuchubua. Ukanda huo unalala ndani ya mkunjo, ngozi isigusane na ngozi, na ncha zake zinatokeza kidogo pande zote mbili ili jasho livutwe nje. Shona sita, ubadilishe kila unapolowa, uzifue na kuzianika juani. Kwa harusi, dada, tutakushonea dera la pamba nyepesi lenye mshono unaoanzia chini ya kifua na kushuka wima, na mikono inayofika kwenye kiwiko. Halitabana popote, na hakuna atakayetazama tumbo.

Bint wa Tudor

Nimewasoma nyote mara mbili, Mungu awalipe kheri. Dawa ya fangasi nimenunua leo, na kesho nitapima sukari. La kukatwa nitalifikiria uzito ukishatimiza miezi sita, ila sasa najua maswali ya kuuliza. Wifi amenitumia ujumbe kwamba makopo mapya yamefika. Nimemjibu kwamba nimepata mafuta ya nazi. Fundi, nijulishe mita ngapi za kitambaa nikuletee, maana harusi ni baada ya wiki tano.

Jana usiku nililala chali mbele ya feni nimeshika mkunjo juu, kama nilivyoelekezwa. Mwanangu wa miaka sita akaniuliza ninafanya nini, nikamwambia ninajianika. Akafunua fulana yake, akalala kando yangu.