Mto Kawa, Bukavu: wa pembeni tuchange, ama tungojee Leta (serikali)?

Mkaaji wa Kadutu: Mvua imeanza na Kawa imejaa chupa mpaka chini ya kidaraja chetu. Shefu wa avenyu amepita nyumba kwa nyumba: kila parseli (kiwanja) itoe pesa ya saki, magunia ya mchanga, salongo (kazi ya pamoja) Jumamosi, na hakuna tena kuongeza chumba upande wa maji. Mimi nimekubali. Nyinyi munasemaje? Ila malokatere, wapangaji, mutuachie wenye parseli tuamue. Nyinyi mvua ikikaza munabeba godoro munahama.

Dada wa Nyamugo: Eti nini? Miaka 6 nalipa nyumba hapo pembeni, kila salongo jembe liko mkononi. Mwenye parseli wangu anakaa Muhumba, mtaa wa matajiri, Kawa anaipita ndani ya gari, vioo vimefungwa. Kati yetu nani alihama?

Mkaaji wa Kadutu: Sikusema wewe, yaya, dada yangu.

Dada wa Nyamugo: Umesema malokatere. Mimi ni nani, mgeni wa harusi?

Fundi Mbao: Tuache magodoro. Sheria iko wazi: mita 50 toka mtoni, hakuna kujenga. Wabomoe, tulale.

Papa Karatasi: Fundi, hiyo 50 ni ya sheria ya misitu ya 2002, inakataza kufyeka miti kando ya mto. Na zile nyumba unazotaka zibomolewe, mbao zake zilitoka kwa nani?

Fundi Mbao: Mimi nauza mbao, Papa, siuzi udongo. Waliowapimia watu bonde ni wenye mihuri. Tangu 1973 udongo ni wa Leta, basi Leta ije isafishe udongo wake. Sichangi hata franka.

Mtoto wa Ibanda: Ndiyo maana tunakula giza juu ya chupa zenu. Zinashuka ziwani, zinafika Ruzizi I, bwawa la umeme, mashine zinakabwa, moto unakatika.

Papa Karatasi: Chupa zetu! Kati ya Kadutu na Ibanda, nani anakunywa maji ya chupa?

Mtoto wa Ibanda: Papa, na wewe hapo umenishika.

Dada wa Nyamugo: Munacheka, na mimi sijajibiwa. Pesa ya saki inatoka kwa nani? Mwenye parseli wangu amesema nilipe mimi, eti ndiye nakaa karibu na maji.

Mkaaji wa Kadutu: Si mupatane tu, akate kwa garanti, ile pesa uliyoweka ukiingia nyumba?

Dada wa Nyamugo: Garanti gani? Sheria ya 2015 inasema nyumba ya kukaa isipite miezi 3, yeye alichukua 6. Hiyo 3 ya juu inatosha saki za avenyu nzima. Shefu aende kuichukua Muhumba.

Papa Karatasi: Hapo mama amesema. Wenye parseli, mbona kimya?

Mkaaji wa Kadutu: Swali langu lilikuwa la mto, si la garanti.

Fundi Mbao: Yaya, samahani. Ni 6 tu alikuomba? Kwangu wanataka 10. Hapo kwenu hakuna chumba kinabaki?