Mrejesho: ile Bentley iliyovikwa bodi mpya

Wakuu, niliuliza humu kama ninunue Bentley Mark VI ya 1950 inayouzwa hapa Dodoma: chasisi ya zamani, bodi mpya ya wazi, viti viwili. Mkasema nianze na chasisi, rangi baadaye. Nimeenda na fundi bodi wangu wa Majengo.

Namba ya chasisi inaanza na B, inalingana na kadi. Injini ya silinda sita iliwaka mara moja, ikatulia kama cherehani. Hapo nilishalainika.

Fundi akatoa sumaku. Muuzaji aliapa bodi nzima ni alumini. Sumaku ikanasa mlangoni kwa nguvu, kumbe ni chuma, maana alumini hainasi. Akaishusha kidogo, ikaanguka. Akagonga kwa kucha: du, du. "Puti hiyo, kaka, ile ya kuzibia mashimo na mabonde ya bodi." Muuzaji ghafla akawa na simu ya kupokea.

Kubadilishwa bodi si tatizo, Mark VI nyingi za 1946 hadi 1952 ziliharibiwa na kutu. Tatizo anataka bei ya gari lenye bodi yake ya kiwandani!

Jana kapiga mwenyewe, kashusha. Sijajibu. Mama watoto anauliza vumbi la Nala tutalipitaje bila paa.