Naomba ushauri kuhusu "reluctant", "loath" na "reticent"

Ndugu zangu, ninatafsiri barua za Kiingereza kwa Kiswahili, na maneno ya kusita yananitatiza sana. "Reluctant" nalielewa: mtu anakubali, ila shingo upande. "Loath" lina uzito zaidi, na halipaswi kuchanganywa na "loathe", ambalo ni kitenzi cha kuchukia kabisa. Kinachonikwamisha hasa ni "reticent", ambalo kwa asili yake ya Kilatini lahusu ukimya, yaani mtu asiyependa kufunguka, lakini waandishi wengi siku hizi hulitumia kwa maana ile ile ya "reluctant", na kwa maoni yangu tofauti yenye thamani inapotea. Je, nikikutana nalo niandike "mnyamavu" au "anayesita"? Naomba mnisaidie kwa mifano.