Tupeane uzoefu: dada wa kumwachia mtoto unampataje?

Mama Kichanga: Wadau, likizo yangu ya uzazi inakaribia kuisha na mtoto bado ananyonya. Nimeletewa mabinti wawili. Mmoja simu haimtoki mkononi, mwingine kabla hata hajakaa vizuri akataka kujua mshahara unalipwa tarehe ngapi. Mliopita njia hii, mlijuaje kwamba huyu ni wa kumwachia mtoto? Sitaki kubahatisha.

Mama Pacha: Kuuliza tarehe ya mshahara si kosa, dada. Huyo anajua amekuja kazini. Wa simu ndiye wa kumwogopa.

Mzee wa Busara: Chukua ndugu. Damu ni damu.

Shangazi: Damu gani kaka? Wa kwetu alikuwa binamu wa mume, kila nikimkanya inakuwa kesi ya ukoo mzima. Mgeni mkishindwana mnaagana. Ndugu ukimrudisha kwao, kinyongo hakiishi.

Mama wa Watatu: Mada hii imenitonesha kidonda. Mwanangu alikuwa na miezi tisa. Dada tuliyekuwa naye mpole, msafi, majirani wote wanamsifu. Jioni nikirudi namkuta mtoto amelala, naambiwa leo amecheza sana. Usiku anakesha, tukasema ni meno. Siku moja umeme ukakatika kazini, tukaruhusiwa mchana. Nafika, dada yuko sebuleni anasukwa na rafiki yake, mtoto yuko chumbani. Namwinua, shingo inalegea. Namwita, hafumbui macho. Mdomo unanukia ule utamu wa dawa ya mafua. Sikuuliza kitu, nilimbeba nikatoka peku. Daktari alimtazama mara moja akasema, "Huyu amepewa kitu cha kumlaza." Mume wangu akarudi kupekua, akaikuta chupa imefichwa ndani ya soksi ya mtoto, chini ya godoro, na kijiko bado kinanata. Tukaelezwa kwamba kuna dawa za mafua na za mzio zinazoleta usingizi mzito, na mtoto mdogo akizidishiwa pumzi zinaweza kupungua. Alilazwa, tukakesha tunamtazama kifua. Amepona, Mungu ni mwema. Ila mpaka leo akilala mchana siwezi kukaa bila kwenda kumgusa.

Baba Mlezi: Nimesoma huku natetemeka. Dada mwenyewe aliishia wapi?

Mama wa Watatu: Polisi. Mengine siwezi kuyaandika hapa.

Fundi Mitambo: Ndiyo maana nasema kila siku, funga kamera.

Shangazi: Kamera haimdaki mtoto akianguka. Na ukifunga mwambie ipo, wala usiiweke anapolala au anapobadilisha nguo. Huko ni kumdhalilisha mtu.

Fundi Mitambo: Nyumba yangu, kamera yangu.

Shangazi: Na mtoto ni wako. Anayemshika kutwa nzima ndiye huyo unayemdharau.

Dada wa Kazi: Mimi nimelea watoto wa watu miaka mingi, naomba na mimi niseme. Mnatafuta mwaminifu, halafu anaamka kabla ya wote, anapika, anafua, anapiga deki, analala wa mwisho, na mshahara wake mnauzungusha. Mtu aliyechoka hivyo ndiye anayemtikisa mtoto anayelia, na mtoto mchanga akitikiswa kwa nguvu ubongo unaweza kuvuja damu. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Wangapi humu mnatoa?

Mzee wa Busara: Kwa hiyo kumnywesha mtoto dawa ni haki yake?

Dada wa Kazi: Soma tena, baba. Nimesema mtu aliyepumzika ndiye unayeweza kumdai uangalifu.

Mama Pacha: Hapo dada kaongea.

Nesi Mstaafu: Muulize binti, "Mtoto akipaliwa utafanya nini?" Aliye chini ya mwaka mmoja na hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, umpige kati ya mabega mara 5. Kisipotoka, mgeuze, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, rudia, huku mwingine anaita msaada. Asiyejua mfundishe kabla hujarudi kazini.

Baba Mlezi: Mpigie na mwajiri wake wa zamani, uliza moja tu: ungemchukua tena leo? Sikiliza anavyosita.

Mama Pacha: Mimi mtoto akimlilia mtu, namwondoa siku hiyo hiyo. Mtoto hadanganyi.

Nesi Mstaafu: Utafukuza wote, mwanangu. Kuanzia karibu miezi 8 wengi hulia mama akiondoka, hata wakiachwa na bibi yao. Tazama anavyokuwa ukishaondoka, na wewe rudi saa wasizokutegemea.

Mama wa Watatu: Mnaoniuliza faragha jina la ile dawa, sitalitaja, mtu asije akajaribu. Mtoto akilala kupita kawaida yake na kumwamsha ni kazi, usisubiri jioni. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na beba kila chupa ya dawa iliyomo ndani ya nyumba.