Moto wa maweni: mnawasha saa saba za mchana, kaskazi inavuma, halafu "bahati mbaya"!

Wadau, huku maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe ya Unguja, kila kiangazi ni yale yale. Mtu anafyeka konde lake, iwe Charawe, Mtende au Muyuni, anatia kiberiti, anakaa kivulini nusu saa, anaona moshi umepungua, anaondoka zake. Siku ya tatu msitu wa shehia ya pili unawaka na jibu ni moja tu: bahati mbaya. Bahati gani hiyo inayokuja kila mwaka, Januari mpaka Machi, kabla ya masika?

Makosa huanza kiberiti bado kimo mfukoni. Watu wanasukuma taka zote mpakani ili katikati pawe peupe. Matokeo yake konde ni safi, na ukingoni kuna ukuta wa matawi makavu ulioegemea kichaka cha jirani. Ukingo wa namna hiyo ni utambi. Taka zirudi ndani, marundo yasipite kiunoni, na kinga, yaani ule ukanda mtupu wa kuzuia moto kuzunguka konde, ifagiliwe hadi jiwe lionekane. Nasema ifagiliwe, maana kufyeka peke yake kunaacha majani makavu chini, na hayo ndiyo yanayouvusha moto. Upana wa mita tatu ni kiwango cha chini; upande unakoelekea upepo weka sita, na kichaka kikiwa kirefu ongeza.

Halafu kuwasha. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Ukiwasha pembe hiyo, moto unakimbia konde zima na kufika upande wa pili ukiwa na nguvu zake zote. Anza kusini magharibi, uache utambae kinyume cha upepo hadi ule mita kumi hivi. Kisha washa pembeni. Upande unakotoka upepo uwe wa mwisho kabisa. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana hamuifanyi. Na isiwe saa saba! Subirini saa kumi na moja za jioni, jua limelegea na umande uko njiani, na wawepo watu wasiopungua wawili kila upande. Mkiona ndimi zinaanza kulala chini kwa upepo, hamjachelewa kuacha.

Sasa linaloniudhi kuliko yote: kuzima. Maweni hayana udongo kama mashamba ya karafuu. Udongo umo kwenye vishimo na nyufa za jiwe, hapa kiganja kimoja, pale hamna kitu. Mizizi inashuka humo kutafuta maji, na majani yaliyooza yanajaa humo humo. Moto ukishaingia hauonekani. Unatafuna mzizi taratibu chini ya jiwe, unapita chini ya ile kinga uliyoifagia vizuri, unaibuka ng'ambo mchana wa kesho kutwa upepo ukichangamka. Majivu meupe juu hayakwambii chochote.

Kwa hiyo mtu arudi asubuhi, apite ukingo mzima na mita ishirini kuingia ndani, akisogeza mgongo wa kiganja karibu na kila ufa na kila kisiki, bila kugusa. Pakiwa na joto, chokoa kwa mtaimbo, mimina maji, koroga, mimina tena. Kumwaga juu juu ni kazi bure. Huko hakuna mto wa kuchota, maji yanatoka mferejini kijijini au pangoni, kwa hiyo yatumieni kwa akili: bomba la mgongoni la kupigia dawa, lita 16, na kifuniko kimoja cha sabuni ya maji ili yazame badala ya kuteleza. Vaeni viatu na msiiname juu ya ufa, jiwe lililopata moto likimwagiwa maji baridi hupasuka. Rudieni siku tatu mfululizo.

Na faida yenyewe ni ipi? Jivu linastawisha mtama na tungule msimu wa kwanza, kweli. Lakini naitrojeni imeshaondoka na moshi, na udongo wa maweni una chokaa nyingi tayari, jivu linazidisha pale pale. Palipochomwa rundo kubwa mazao yanatoka majani ya manjano, mtu anasingizia mbegu. Visiki navyo, ambavyo vingechipua vikatupa kuni tena, vinakufa kwa sababu rundo limechomwa juu yake. Vutieni rundo hatua mbili kando, basi! Kisiki kikifa inaingia nyasi, nyasi inakauka upesi kuliko kichaka, na mwaka unaofuata moto unapata njia nyepesi zaidi. Paa nunga, yule paa mdogo adimu, anaishi kwenye kichaka kilichofungana. Pakishakuwa nyasi tupu hana pa kujificha, na nje ya Unguja wamebaki sehemu chache tu za pwani ya Kenya. Na msijitetee kwamba moto unawafaa kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, eti kwa kuwa wanakula mkaa. Wanautafuna kidogo kupunguza sumu ya majani ya miembe na mikungu, hawakuomba kuchomewa msitu wao wa Jozani.

Wakubwa nao! Semina mnafanya Juni, mvua imetoka kunyesha na kila kitu kibichi. Fulana zinagaiwa, soda zinanyweka. Januari kamati ya kijiji haina hata reki mbili, na gari la zimamoto likija linaishia barabarani kwa sababu mpira haufiki kwenye mawe. Fedha ya fulana moja inanunua dumu la maji.

NYONGEZA, kwa wanaosema wakulima wanaonewa: sawa, warina asali nao wamo. Kienge cha makuti kinadondosha cheche njia nzima, halafu kinaachwa kwenye pango la mti. Tumieni kopo lenye mfuniko, tobo moja chini, makumbi ya nazi yaliyokauka nusu ndani yake. Moshi unatoka wa kutosha, cheche hazitoki, na ukimaliza unafunika tobo kwa udongo na kurudi nalo nyumbani.